Whole30 ukiwa Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya Whole30 mara moja, tukiwa tunakaa Tabata na mume, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kutibiwa macho akakaa miezi minne. Siku ya 11 niliharibu, nikaanza upya, nikamaliza. Tangu hapo, kwenye kikoba, kwenye kicheni pati, hata tukisubiri mwendokasi, hakosi wa kunivuta pembeni: "Mama Naima, hebu nipe ukweli, niifanye au niache?" Majibu yangu yote nimeyaweka hapa. Mimi ni mpishi wa nyumbani mwenye tabia ya kusoma lebo. Yanayohusu dawa na magonjwa mpelekee daktari wako, na pale panapohusika nitakukumbusha tena.

Whole30 ni nini, kwa lugha ya jikoni?

Ni mpango wa kula wa siku 30 ulioanzishwa Marekani mwaka 2009 na Melissa na Dallas Hartwig. Kwa siku hizo unaacha sukari yoyote ya kuongeza (asali na vitamu bandia vimo humo humo), pombe, nafaka zote, jamii ya kunde, na maziwa pamoja na vinavyotokana nayo.

Tafsiri yake sokoni ni hii. Ugali, wali, chapati, mkate, uji, tambi na bisi havimo. Maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, soya na karanga havimo. Maziwa, mtindi, siagi na jibini havimo. Samli imo, kwa sababu machicha ya maziwa yameshachujwa yakatoka. Njegere zimo, na maharage machanga yanayoliwa na maganda yake yamo pia.

Kalori hazihesabiwi. Mizani usipande mpaka siku 30 ziishe. Halafu kuna sheria moja inayowashangaza watu: huruhusiwi kuigiza chakula kilichokatazwa kwa viungo vilivyoruhusiwa. Ukiponda ndizi mbivu, ukachanganya na yai, ukakaanga ukaita chapati ya maji, umevunja sheria, ingawa ndizi ni halali na yai ni halali.

Zikishaisha siku 30, zinafuata siku kama 10 za kurudisha vyakula kundi moja moja. Wengi wanaonisimulia walivyofanya Whole30 hizi 10 hawazitaji kabisa. Nitazirudia chini kwa kirefu, maana kwangu mimi kazi yote iko pale.

Yaani hata maharage? Maharage yamekosa nini?

Swali hili huwa linaulizwa kwa hasira, na mimi naielewa hiyo hasira.

Waliokataza wanatoa sababu za aina mbili. Ya kwanza ni vitu vilivyomo ndani ya punje, hasa lektini. Ni kweli kwamba maharage mekundu mabichi yana lektini inayoweza kukutapisha na kukuharisha vibaya. Lakini lektini hiyo huharibika kwa kuchemshwa sawasawa. Mama wa Dar aliyeloweka maharage usiku, akamwaga maji asubuhi, akayatokosa kwenye jiko la mkaa mpaka yakapasuka, tatizo hilo ameshalimaliza.

Ya pili ni gesi. Maharage yana sukari za aina ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuivunja, zinashuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazila na kutoa hewa. Ni kazi ya kawaida ya tumbo, ingawa kwa baadhi ya watu inasumbua kweli.

Kwa hiyo mimi nayachukulia maharage kama mtuhumiwa aliyewekwa ndani siku 30 kupisha uchunguzi. Hajahukumiwa. Yana protini, yana madini ya chuma, yana nyuzinyuzi, na ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine chenye protini mjini hapa. Mtu akikwambia uyaache maisha yako yote kwa sababu ya Whole30, huyo hajausoma mpango wenyewe.

Nikiondoa vyote hivyo, Dar nitakula nini?

Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa mwenyewe. Nilitegemea njaa. Nikaenda soko la Ilala na orodha yangu, nikajikuta nasimama kila genge.

Anza na asubuhi. Mji huu unaamka na supu: ya ng'ombe, ya kuku wa kienyeji, ya makongoro. Kamulia ndimu, tia pilipili, sukuma chapati pembeni, omba ndizi ya kuchemsha. Umo ndani ya sheria bila kupika chochote. Mtori nao unafaa, ila uliza kwanza kama wametia maziwa au siagi.

Kwa mchana na jioni, mizizi yote ni ruhusa: muhogo, kiazi kitamu, kiazi mbatata, gimbi, na ndizi za kupika. Tui la nazi ni ruhusa. Samaki wote wa Feri ni ruhusa, kuanzia kibua wa bei ya chini mpaka changu wa kuringia wageni, na dagaa pia. Matembele, mchicha, kisamvu, bamia, nyanya chungu, mlenda, vyote ruhusa, mradi usiunge kwa karanga; unga kwa nazi. Kachumbari kula utakavyo. Samaki wa kupaka na muhogo wa nazi ni mlo halali kabisa, na sijui nani wa pwani ataita huo mateso.

Vya mkononi je? Yule kijana anayezunguka na trei la mayai ya kuchemsha, anakumenyea, anakupasulia na kukuwekea kachumbari na chumvi, huyo alikuwa mkombozi wangu. Kwenye foleni ya Ubungo, korosho ndiyo na karanga hapana. Ubuyu wa rangi una sukari, uache. Dafu kunywa. Parachichi, embe, papai, tikiti, kula.

Chipsi? Kiazi kinaruhusiwa, chipsi zimekatazwa kwa jina. Kwa hiyo zege (chipsi mayai) imekufa siku 30, na mimi nilivaa nguo nyeusi.

Ninavyoona, orodha hii iliandikwa na watu wasioijua Dar, lakini bibi wa pwani aliyekulia muhogo, nazi na samaki anaiweza kirahisi kuliko mtu wa kwao aliyezoea mkate na jibini. Shida yetu sisi ni tatu: ugali, chai ya maziwa na sukari, na viungo vya pakiti.

Viungo vya pakiti vina nini?

Ndivyo vilivyoniangusha siku ya 11. Nilikuwa nimepika mchuzi wa kuku, nimetia kijiko kimoja cha unga wa mchuzi kama ninavyofanya siku zote, nimekula nimeshiba, naosha vyombo. Nikageuza ile pakiti kuitupa, macho yakatua kwenye lebo: chumvi, unga wa mahindi, sukari. Nafaka na sukari kwa mkupuo mmoja. Nyanya ya kopo, sosi za chupa, soseji na nyama za kusindika, vyote visome kabla hujalipa. Bizari, binzari nyembamba, iliki, tangawizi na pilipili manga za kupimiwa sokoni hazina neno.

Ugali wa muhogo je?

Unga wa muhogo unaruhusiwa kutia uzito kwenye mchuzi, na hauruhusiwi kutengenezea mikate na vitu vya jamii hiyo. Ugali hawakuufikiria, maana hawaujui. Mimi sikuula. Sababu yangu haikuwa ya kisheria: nilijua nikiweka tonge mkononi, mkono utakumbuka dona. Wewe amua mwenyewe, hakuna mkaguzi.

Ni sawa na keto, au na kufunga saa 16?

Hapana. Keto inabana wanga wote, hata wa kiazi na matunda, ili mwili uunguze mafuta. Ilianza mwaka 1921 katika hospitali ya Mayo, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Kufunga saa 16 kunahusu saa za kula. Whole30 inahusu aina ya chakula tu. Unaweza kula viazi vitamu vitatu saa nne usiku, na mpango usikuulize.

Nitapungua kilo ngapi?

Kama hilo ndilo swali lako la kwanza, na kwa kawaida ndilo, basi pengine mpango huu si wako.

Wiki ya kwanza mizani ingeonyesha kushuka, kama ungeruhusiwa kuipanda. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu moja hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata ugali na wali, akiba inapungua, maji yanatoka. Ukirudi kwenye wali, maji yanarudi. Watu wanaita hayo mafuta. Mimi nilipungua kilo tatu, mbili zikarudi kabla ya Idi.

Kwa muda mrefu, jina la mpango halina uzito kama watu wanavyodhani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Wa mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, na tofauti hiyo haikuwa na maana kitakwimu. Kilichonivutia ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa mambo yale yale ya msingi: acheni sukari ya kuongeza, acheni unga uliokobolewa, kuleni mboga kwa wingi. Na ndani ya kila kundi walikuwepo waliopungua sana na walioongezeka.

Basi nani anafaidika nayo?

Mtu mwenye swali kuhusu tumbo lake. "Nikila nini ndiyo navimbiwa?" "Kwa nini jioni nguo inanibana na asubuhi hainibani?" Ukiingia na swali kama hilo, unaweza kutoka na jibu. Ukiingia na gauni la sendofu la wiki sita zijazo, utatoka na njaa.

Nina gesi na kiungulia kila siku. Nianze kesho?

Anza na kituo cha afya. Mjini hapa kila mtu ana "vidonda vya tumbo" alivyojipima mwenyewe, na nusu ya majirani zangu wanakunywa dawa walizoelekezwa na jirani mwingine. Bakteria anayesababisha vidonda vingi ana vipimo vyake, cha kinyesi au cha pumzi, na ana tiba yake ya antibayotiki. Viazi vitamu havimtoi.

Kama unapungua bila sababu, unapata choo cheusi kama lami, unatapika damu au chakula kinakwama unapomeza, achana kabisa na habari za mpango wa kula na nenda hospitali leo.

Na jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: kama unahisi ngano ndiyo adui, omba kipimo cha damu ukiwa bado unakula mkate na chapati. Ukishaacha ngano wiki kadhaa, kipimo kinaweza kusema huna kitu kumbe unacho.

Nina kisukari au presha. Inanifaa?

Usianze bila daktari wako kujua, na hapa sina utani. Anayechoma insulini, au anayekunywa vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, kama glibenklamidi, dozi yake imepangwa kwa kuzingatia ugali anaokula. Akiacha ugali ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Nimemwona mtu katika hali hiyo: jasho, mikono inatetemeka, anaongea hovyo, watu wanadhani amelewa.

Wa presha anayekunywa dawa za kukojoa naye anaweza kupata kizunguzungu, maana maji yanatoka mara mbili. Mgonjwa wa figo ana hesabu zake za protini na potasiamu, na mpango huu umejaa nyama, ndizi, parachichi na dafu. Anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani kwa ghafla bila kuonana na wanaompima damu.

Mjamzito na anayenyonyesha, huu si wakati wake. Mtoto, usimwingize. Na mtu ambaye amewahi kuwa na vita na chakula, wa kujinyima mpaka kuzimia, au wa kula kwa kificho halafu kujitapisha, namwomba akae mbali kabisa na mpango wowote wenye orodha ya haramu na halali.

Gharama zikoje?

Zinapanda, asikudanganye mtu. Sitaji bei kwa sababu bei ya Buguruni ya leo si ya kesho. Piga hesabu hivi: siku 30 mara milo mitatu ni milo 90. Kilo moja ya maharage inaweza kulisha nyumba yangu mara tatu, kilo ya nyama inaisha jioni moja na watu wanaulizia nyingine. Mayai mawili kwa siku ni mayai 60, yaani trei mbili, na hapo nimehesabu mtu mmoja tu.

Kinachookoa ni dagaa, kibua, mboga za fungu, na mizizi. Nenda Feri alfajiri, chukua samaki wa kugawana na jirani, gandisha. Unachookoa kwenye soda na maandazi ya kazini kinasaidia pia, ingawa hakifiki mbali kama watu wa mitandaoni wanavyosema. Kama mwezi wako tayari unaisha tarehe 20, tumia pesa hiyo kwenye ada.

Nyumbani tuko saba. Nipike sufuria mbili?

Mboga moja, kilichokaa pembeni viwili. Hiyo ndiyo siri, na ilinichukua wiki mbili kuigundua. Wiki ya kwanza nilikuwa napika "chakula changu" na "chakula chao", nikawa nalala saa sita usiku nanuka moshi. Baadaye nikaanza kuunga mboga ya wote kwa namna ninayoruhusiwa, nazi badala ya karanga, viungo vya kupima badala ya pakiti. Wao wanasonga ugali, mimi naweka viazi vitamu juu ya sufuria ile ile ya maji. Hakuna aliyelalamika kuhusu mboga.

Kuhusu mimi walilalamika. Usiku wa tatu nilikuwa namenya kiazi, wote wamekaa mkekani wanasubiri ugali. Mama mkwe akanitazama, akainamia kwa mwanawe, akamuuliza kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima ilisikia: "Huyu ni mjamzito?" Kesho yake akaja jikoni mwenyewe. "Mwanangu, kama unaumwa sema. Mtu haachi ugali hivi hivi." Nikamweleza kuhusu tumbo langu. Akasikiliza, akafunua sufuria, akanusa kisamvu. "Basi hiki changu mimi nitie karanga kwenye bakuli." Tukaishi hivyo mpaka mwisho.

Waambie watu wa nyumbani mapema, na uwape tarehe ya kuisha. Kwetu mtu akiacha kula, watu wanaanza kuuliza amerogwa na nani.

Kazini nakula kwa mama lishe.

Mama lishe ni rafiki yako kuliko mgahawa wa viyoyozi, kwa sababu anapika mbele yako na unaweza kumuuliza. Mwambie: "Mama, nipe samaki, matembele, na ndizi kama zipo, wali niache." Bei kwa kawaida haishuki, ujue hilo. Muulize anatia nini kwenye mboga. Wa kwangu alinijibu, "Chumvi, kitunguu, nyanya, na uvumilivu."

Na shughuli? Mwezi huu nina harusi mbili na arobaini moja.

Basi usianze mwezi huu. Sioni ushujaa wa kukaa mbele ya pilau ulilolilipia mchango ukitafuna kachumbari. Tazama kalenda, tafuta wiki nne tulivu. Msiba ukitokea katikati, kula nyama, acha wali kimyakimya. Hakuna anayekuhesabia tonge msibani.

Naweza kuifanya Ramadhani?

Inawezekana kuliko unavyodhani, na sababu ni futari yetu. Tende ni tunda, ruhusa. Muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, samaki, ruhusa. Kinachotoka ni uji, tambi, kaimati, kunde, na sukari ya chai. Lakini daku bila kitu cha nafaka linawachosha wengi, na saumu ni ibada. Ukiichanganya na jaribio la tumbo, kichwa kikiuma hutajua kinauma kwa lipi. Mimi ningesubiri Mfungo Mosi uishe.

Siku za kwanza zikoje?

Kichwa, hasira, usingizi mchana, na kufunga choo au kinyume chake. Mimi siku ya nne nilimgombeza mtoto kwa sababu alitafuna biskuti kwa sauti. Kunywa maji, usiogope chumvi kama huna presha, kula ushibe. Wiki ya pili inatulia.

Nikiteleza, kweli ninaanza upya siku ya kwanza?

Sheria inasema ndiyo. Mimi nilitii, na leo nasema sheria hiyo siipendi. Kwa uchunguzi wa tumbo ina mantiki kidogo, kwa sababu ukila kilichokatazwa katikati unaharibu jaribio. Lakini kijiko kimoja cha sukari kwenye mchuzi hakifuti siku 10. Watu wengi wanapoambiwa "umeanguka, rudi mwanzo," hawarudi mwanzo. Wanakwenda kula chipsi. Ukiteleza, andika tarehe na ulichokula, endelea.

Kuna mtu anauza mpango wa siku 30 na chai ya kupunguza tumbo. Ninunue?

Usinunue. Sheria za Whole30 zinasomwa bure, na hazina chai wala unga wa kununua. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachopunguza ni maji na kinyesi. Ukitaka mtu wa kuongea naye kuhusu lishe, omba rufaa umwone mtaalamu wa lishe wa hospitali. Nchi hii ina taasisi yake ya chakula na lishe tangu mwaka 1973, na makao yake yalijengwa hapa hapa Dar. Maarifa yapo, hayauzwi kwa pakiti za WhatsApp.

Siku ya 31 nifanye nini?

Sasa tumefika.

Wengi siku ya 31 wanasherehekea. Chapati, maharage, soda, aiskrimu ya watoto, vyote kwa siku moja. Usiku tumbo linajaa, wanasema, "Unaona? Nilijua chapati hainipatani." Hawajajua chochote. Wameita watuhumiwa wanne chumba kimoja, wakamfunga wa kwanza waliyemchukia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Siku ya kwanza ya kurudisha, kula jamii ya kunde: maharage mchana, labda karanga jioni, vingine vyote vibaki vya Whole30. Siku mbili zinazofuata rudi kwenye sheria, jiangalie. Siku ya nne leta nafaka zisizo ngano, yaani wali na ugali. Siku mbili tena za kutulia. Siku ya saba maziwa na mtindi. Siku mbili. Siku ya kumi ngano: chapati, mkate, maandazi yasiyo na sukari kama utayapata. Andika kwenye daftari la shule, tarehe, ulichokula, tumbo, usingizi, ngozi, choo.

Onyo moja kuhusu maharage. Tumbo ambalo halijaona maharage mwezi mzima litatoa gesi siku ya kwanza, hata la mtu mzima wa afya. Bakteria wanahitaji kuzoea upya. Kwa hiyo anza na bakuli dogo, na usitoe hukumu kwa siku moja. Rudia baada ya wiki.

Daftari langu linasema hivi. Maharage: gesi jioni, kidogo. Mara ya pili: hakuna. Wali na ugali: hakuna, usingizi mzito mchana. Siku ya saba nilikunywa kikombe kikubwa cha maziwa saa mbili asubuhi. Saa nne tumbo lilikuwa linanguruma kama bajaji inayogoma kuwaka, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeingia chooni mara tatu. Nilirudia wiki iliyofuata kwa maziwa nusu, yakaja yale yale, nusu. Chapati: hakuna.

Miaka yote nilikuwa nasema maharage hayanipendi, huku kila siku nakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, asubuhi na jioni. Watu wazima wengi duniani miili yao hupunguza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa baada ya utoto. Wapo ambao hawapunguzi, na wafugaji wengi wa ukanda wetu wamo kati yao. Mimi si wao. Mtindi naumudu, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya hiyo sukari. Sasa nakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, na maharage nakula kwa amani.

Kumbe ungeacha maziwa wiki mbili tu ukayajua hayo hayo?

Ndiyo. Ndiyo maana mtu akiniuliza leo, kwanza namuuliza anamshuku nani. Kama una mtuhumiwa mmoja, mtoe huyo peke yake wiki mbili, mrudishe, angalia. Hakuna haja ya kumsumbua mama mkwe. Siku 30 nzima zifanye kama huna unayemshuku, umeshaonana na daktari, kalenda iko tupu, na mfuko unaruhusu.

Wewe ungerudia?

Sina swali jingine la kuliuliza tumbo langu, kwa hiyo hapana. Nilichobaki nacho ni kusoma lebo, kuunga kisamvu kwa nazi, na kutotia sukari kwenye chai. Mizani iko juu ya kabati.

Mama mkwe alipona macho akarudi Singida. Wiki mbili baadaye mume wangu aliitwa stendi ya Mbezi kupokea mzigo. Ndani ya boksi kulikuwa na kopo la samli, limefungwa nailoni tatu lisivuje, na kikaratasi kimekunjwa juu ya mfuniko: "Hii si inaruhusiwa?"